Feni Iliyowaka Saa ya Chakula

Meneja wa ghala la saruji alikutwa chini ya mifuko saa nane kasoro dakika kumi mchana, na hakuna aliyelia. Wapakiaji walirudi kutoka kula, wakakuta vumbi limetanda mlangoni, safu ndefu ya upande wa ukutani imelala chini, na kiatu cheusi kilichong'arishwa kimechomoza kati ya mifuko. Ghalani kote hapakuwa na mtu mwingine mwenye kiatu cha namna ile. Walimfukua, maana mtu ni mtu, lakini walifukua bila haraka.

Inspekta aliingia saa tisa. Kituoni wenzake walimwita Kupe, kwa kuwa aking'ang'ania jambo hang'oki, na yeye jina hilo halikumuudhi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye goti bovu na hasira za karibu. Kabla hajauliza swali lolote, Mkurugenzi alikuwa ameshampa jibu: ni ajali, bahati mbaya, Mungu amlaze pema, na malori yanangoja getini. Kupe akamwambia malori hayana roho, yatangoja.

Habari za ile safu kila mtu alikuwa nazo. Mpangaji anayejua kazi hupishanisha mifuko kama fundi anavyopishanisha matofali, mdomo wa mfuko ukitazama ndani, ili kila mfuko ushikwe na wenzake. Hii ilipangwa mfuko juu ya mfuko, moja kwa moja hadi karibu na dari, kwa sababu Meneja alitaka shehena nzima iingie siku moja. Wiki haikupita, ikaanza kuinama. Ofisa Usalama alidai ibomolewe na kupangwa upya. Meneja akakataa, akaamuru iegemezwe kwa mwega, yaani ubao mmoja mnene uliokitwa sakafuni kwa mshazari. Jana yake Ofisa alikuwa ameiziba njia ile kwa vinguzo vyake vyenye vitako vizito vya chuma, na kamba ya njano katikati. Meneja aliving'oa mbele ya watu wote, akavirudisha stoo, akisema vinamchelewesha.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema dereva wa folklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, mwanamume mrefu waliyemwita Gia. "Huyu kavunjika vyote."

Wenzake walitazama chini ili wasicheke mbele ya polisi.

Kupe alizunguka rundo lile taratibu, goti likimlalamikia. Ubao wa mwega aliukuta nje kabisa ya rundo, mzima, bila ufa. Ubao ukielemewa na safu hukatika au hufunikwa. Huu haukukatika wala kufunikwa, na karibu na ncha yake palikuwa na alama mbichi ya kamba iliyokaza. Mtu aliufunga ubao kamba, akasimama mbali, akauvuta. Akamwita Mkurugenzi, akamwonyesha, akamwambia neno ajali alimeze.

Daktari naye alikuwa na lake. Marehemu alivunjika nyonga na miguu, uzito ukambana kifua, lakini hakufa palepale. Pengine alipumua nusu saa. Kucha zake zilikuwa zimekatika kwa kukwaruza mfuko uliokuwa mbele ya uso wake.

"Basi aliita," Kupe alisema. Banda la kulia chakula lilikuwa ng'ambo ya uwanja tu, mlango ukitazamana na mlango wa ghala. Aliwauliza wapakiaji mmoja mmoja kwa nini hawakusikia, na wote wakamjibu kitu kimoja: feni. Feni kubwa ya kunyonya vumbi huzimwa kila saa saba wakienda kula, na hiyo ndiyo amani pekee wanayoipata kutwa. Leo muda mfupi baada ya kukaa waliisikia imewashwa tena, ikanguruma mpaka mwisho wa mapumziko. Walidhani Meneja anawakomoa. Walikula huku wakimlaani kwa sauti kubwa, ili wasikizane.

Kupe alianza na Gia, kwa kuwa mdomo ule haukuwa na breki. Juzi tu Meneja alikuwa amemtukana matusi ya nguoni mbele ya wateja. Gia alikiri kwamba alitamani kumkanyaga na mashine, tena mara kadhaa, lakini mchana ule alikuwa bandani akicheza karata na kufungwa vibaya. Watu kumi na zaidi walimshuhudia akifungwa na kutaka mchezo urudiwe. Mtu hatungi uongo wa kujidhalilisha hivyo, Kupe akamwacha.

Ofisa Usalama alizungumza na Kupe kando ya mlango. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya upole isiyolingana na cheo chake. Watu walimwita Kofia, kwa sababu ndiyo salamu yake: akikukuta umeingia ghalani bila kofia ngumu hakuulizi hali, anasema "Kofia," basi. Ajira yake pale ilikuwa na mwaka mmoja. Alieleza kwamba wakati wa chakula alikuwa stoo yake akihesabu vizima moto. Aliposikia makelele alikuja na wenzake, akachukua vinguzo, akaiziba njia kwa upande wa nyuma, mtu asije akapita akaangukiwa na mabaki. Alizungumza kwa mpangilio, hakutetemeka. Kupe alimshukuru, akapita.

Akabaki mzee waliyemwita Nyapara, yaani msimamizi wa wapakiaji. Jina hilo lilikuwa la heshima tu, kwani kazi yake siku hizi ilikuwa kufagia. Hakula bandani na wenzake. Alikula peke yake nyuma ya tangi la maji, na hakuna aliyemwona.

"Ulimchukia?" Kupe aliuliza.

"Sana."

"Ulimwua?"

"Hapana. Ila msiniombe nilie, afande. Machozi yangu yana kazi nyingine."

Akasimulia, polepole, ufagio mkononi. Miaka miwili iliyopita, siku ambayo malori yalikuwa mengi kama leo, safu ilimwangukia kijana mmoja mpakiaji. Alikuwa hai. Walimsikia akiita. Nyapara na wenzake walikimbilia mifuko, Meneja akawazuia: lori la mteja mkubwa lijazwe kwanza, liondoke, asije akaona fujo. Kisha Meneja mwenyewe alikwenda ukutani akawasha feni, sauti ya kijana isifike nje. Lori lilipotoka, walimtoa maiti. Uchunguzi wa kampuni ukasema Nyapara alipanga vibaya. Akavuliwa cheo. Wengine wote waliokuwepo walifukuzwa kimyakimya, na maiti ikasafirishwa kwao mbali bila mtu wa ghala kuisindikiza.

"Kwa hiyo habari ya feni unaijua wewe tu," Kupe alisema.

"Mimi na marehemu."

"Hukumwambia mtu?"

Mzee akainamia ufagio wake. "Nilimwambia mmoja. Aliniuliza kwa wema, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Nani?"

Hapo mzee alifunga mdomo. Kupe alimsihi, akamtisha, akamweleza waziwazi kwamba kisa anacho, nafasi alikuwa nayo, na siri ya feni ni yake, na hakimu hatahitaji zaidi ya hayo. Kamba ya shingoni alikuwa akijivika mwenyewe. Nyapara alisema ameshabeba kosa la safu moja ambalo halikuwa lake, mgongo umezoea. Kupe alipandwa na hasira, maana aliona wazi kwamba mzee yule anamkinga mtu, na kwamba atakwenda kufia gerezani kwa hiari yake akimkinga.

Mkurugenzi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alisema siku zote alijua mzee yule ana kinyongo, achukuliwe, kazi iendelee. Saa kumi na moja kasoro robo Nyapara alifungwa pingu. Wapakiaji walinung'unika, Gia akatema mate chini. Kofia alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza Kupe aliuona uso wake umebadilika.

Kupe akarudi ghalani peke yake. Aliingia kwa upande wa nyuma, akasimama mbele ya kamba ya njano. Akaitazama kwa karibu, kisha akapitisha kidole juu yake. Kidole kilitoka cheupe kwa saruji. Akashika kinguzo kwa mikono miwili, akakiinua. Sakafu yote ilikuwa na vumbi jipya, laini, lililotua baada ya safu kuanguka. Chini ya kitako palikuwa na duara jeusi, safi kabisa.

Aliagiza waitwe wote waje pale: Mkurugenzi, Gia, Nyapara na pingu zake, na Ofisa Usalama.

"Dada," akamwambia Kofia, "uliniambia uliiweka kamba hii baada ya safu kuanguka."

"Ndiyo, afande."

"Vumbi liko juu ya kamba. Chini ya kinguzo hakuna. Vumbi haliingii chini ya kitu kilichokuwa kimeshakaa. Jana Meneja aling'oa vinguzo vyote, kila mtu aliona. Basi leo, kabla mifuko haijaanguka, kuna mtu aliiziba njia hii. Aliyetaka kuua mtu mmoja, akaogopa asije akapita mwingine akaumia." Akamsogelea hatua moja. "Muuaji gani anahangaika hivyo? Nyapara angeweza, simkatai. Lakini kama ni yeye, wewe ulikuwa na sababu gani ya kunidanganya?"

Kofia aliitazama kamba yake.

"Nyamaza, mwanangu," Nyapara akasema. "Usiseme kitu. Mimi nimeshazeeka."

"Hapana, baba," Kofia alisema. "Wewe hutabeba tena."

Akavua kofia yake ngumu, akaishika mkononi, na maneno yakamtoka bila kupapasa. Yule kijana alikuwa mdogo wake, amemlea tangu mama yao alipofariki. Waliletewa jeneza na barua ya rambirambi. Alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi kuuliza kilichotokea, akaachwa kwenye benchi siku nzima, na jioni akaambiwa ofisi imefungwa. Basi akaenda kusomea usalama kazini, akaomba kazi, akaajiriwa na watu wale wale ambao hawakuukumbuka uso wake. Alitaka ukweli tu, mwanzoni. Nyapara alipomweleza habari ya feni, ukweli ukawa hautoshi.

"Nilimwambia Meneja ukuta unavuja, mifuko ya nyuma inalowa. Akaenda mbio. Hilo lilimtia uchungu, mifuko kulowa." Akacheka kidogo, cheko bila furaha. "Njia nilikuwa nimeiziba huku nyuma, na upande wa mbele nilisimama mwenyewe. Nikawasha feni. Nikavuta ubao. Halafu nikaja nikakaa karibu na kichwa chake."

"Nusu saa nzima?" Kupe aliuliza.

"Mpaka mwisho. Aliniomba. Aliniahidi kila kitu. Nikamwambia sitaki kitu, nataka jina. Kuna kijana ulimfukia hapa ukawasha feni, nitajie jina lake tu, nami nitaizima na kuwaita watu." Akaigeuza kofia mkononi. "Akaanza kubahatisha. Alinitajia majina ya watu wengi, afande, mpaka pumzi ikamwishia. La mdogo wangu halikuwemo. Hakuwahi kulijua. Huyu mzee ninamwomba radhi kwa zile pingu. Kwa yule, hata mkinichoma moto, sina radhi ya kuomba."

Mkurugenzi alianza kurudi nyuma taratibu. Kupe, bila kugeuka, alimwambia asiende mbali, kwa sababu kuna kifo cha miaka miwili iliyopita kilichoandikiwa taarifa ya uongo chenye saini yake, na kesho asubuhi atakuja kukisimulia kituoni. Gia alisogea akasimama nyuma ya Mkurugenzi, mikono kifuani.

Kupe akafungua pingu za Nyapara. Mzee hakujisugua mikono wala hakushukuru. Alimsogelea Kofia mpaka wakawa uso kwa uso.

"Mimi ninalijua," akasema.

Akalitaja. Alitaja jina la kijana, na la baba yake, na lile la utani ambalo wapakiaji walikuwa wakimwitia siku za malori mengi. Dada yule aliyekaa nusu saa kando ya mtu anayekufa bila kutikisika akaanguka magotini juu ya sakafu ya saruji, akalia kwa sauti, na hapakuwa na feni ya kuifunika.

Kupe alimwacha alie. Pingu zilikuwa bado mkononi mwake, hakuwa na haraka nazo. Kisha akatoa karatasi na kalamu mfukoni, akamgeukia mzee.

"Lirudie polepole," akamwambia. "Ndilo nitakaloanza kuliandika."