Rupia ya Kuuma

Mashine ilivuta pumzi.

Kweli kabisa, ilivuta pumzi kama mtu. Rupia moja ya fedha ilikaa katikati ya sahani ya kioo, taa ya zambarau ikaimulika, na ile mashine, waliyoiita Kisomautando, ikaifyonza hewa ya juu yake polepole, fyuuu, kama bibi anayeonja chai ya moto. Kwenye skrini rangi zikajipanga: dhahabu, zambarau, buluu ya shingo ya tausi, na kijani chembamba pembeni.

Fedha, sikia, inashika hewa inayolala nayo. Ikilala kwenye sanduku lenye udi, inashika udi. Ikilala jikoni, inashika moshi. Miaka inavyokwenda inajivika utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, halafu mwingine juu yake, na mwingine tena, na unene wa tando hizo ndio unaotoa rangi. Watu wa zamani waliona weusi tu, wakasugua kwa majivu. Kisomautando kilisoma tando moja moja na kuzigeuza kuwa hewa tena.

Hewa hiyo ilipelekwa kwenye chumba kidogo cha vioo, kibanda cha pumzi, na ndani yake alikaa Kibibi Sempombe, mwamuzi wa madaraja, macho kayafumba. Mashine ilijua kupima. Lakini kujua rangi ya kweli na rangi ya kughushi, hapo ilitakiwa pua ya binadamu. Kulikuwa na wajanja waliofungia rupia kwenye mfuko na yai la kuchemsha, ikatoka na rangi kama upinde wa mvua. Kibibi aliwakamata wote. Ukikaa kibandani unasikia yai, basi, mchezo umeisha.

Siku hiyo hakusikia yai. Alisikia tangawizi. Kisha mafuta ya nazi, jasho, chumvi, na mwisho damu. Halafu karafuu kavu kwa muda mrefu, harufu ya sanduku lililofungwa. Halafu tangawizi tena. Jasho. Damu. Karafuu. Kila tabaka hivyohivyo, kama mtu anayerudia neno moja. Tabaka la juu kabisa lilikuwa na marashi ya waridi, yale ya bei rahisi, yamechanganyika na jasho la mtu anayehema haraka haraka. Kisha damu nyingi. Kisha kimya.

Kibibi alitoka akijisugua mikono. Vinyweleo vilikuwa vimemsimama.

Nje ya kibanda, kwenye benchi, alikaa mwenye rupia: binti mmoja anaitwa Tunu, mimba imemjaa mpaka mapajani, viatu amevivua kwa sababu miguu imevimba.

"Hamsini na nane," Kibibi alisema.

Tunu alimtazama. "Hamsini na nane ndio nini, dada?"

"Ndio daraja lake. Pole."

Pole, kwa sababu sheria ya miaka hiyo ilikuwa hivi: Baraza la Anga lilikuwa linajenga vioo vikubwa huko juu vya kuletea dunia umeme wa jua, na vioo vilihitaji fedha. Kila fedha ya zamani jijini Tanga ilipitia Nyumba ya Madaraja. Ikipata sitini kwenda juu, inapigwa muhuri, inarudi kwa mwenyewe. Chini ya sitini, usipokata rufaa, mlango mdogo unafunguka chini ya sahani na rupia inashuka kwenye kinu cha kuyeyushia. Unalipwa, unakwenda zako.

"Rangi zake ni nzuri sana, sijaona kama hizi," Kibibi alisema, na alimaanisha. "Tatizo ni ukingo. Ina makovu. Mashine inasema ilibanwa na koleo."

"Koleo!" Tunu alicheka mpaka akashika kiuno. "Dada, hayo ni meno."

"Meno?"

"Kwetu mwanamke akishikwa uchungu hapigi kelele. Anapewa rupia, anaiuma. Kwanza anatafuna tangawizi, halafu rupia. Mama yake bibi aliuma hapa." Alionyesha kwa kidole, mbali, maana rupia ilikuwa bado kwenye sahani. "Bibi akauma hapo. Na pale pembeni, penye rangi kama ya zambarau, ni mama. Aliiuma akinizaa mimi."

"Na mama mwenyewe?"

"Aliuma, nikatoka, akaondoka."

Kibibi akakumbuka ile harufu ya waridi.

"Sina picha yake," Tunu aliendelea, sasa hacheki. "Nguo zake zilichomwa mwaka wa homa, si unajua walivyochoma kila kitu. Nimelelewa na shangazi, yeye mwenyewe hapendi kumsema. Nilichonacho ni meno yake hayo. Na mimi siku yangu ikifika nataka niume palepale. Sasa unaniambia mnaiyeyusha?"

"Unaweza kukata rufaa. Inasomwa mara ya pili. Ila nakwambia kama mdogo wangu, sikushauri. Wanaokata rufaa karibu wote tunawakuta wamesugua. Wanadhani iking'aa itapanda daraja, kumbe ndio wanaiua. Ukishikilia, chukua, nenda nayo, urudi wiki ijayo kama utaratibu ulivyo."

"Wiki ijayo? Na miguu hii? Wiki ijayo mimi nipo wodini, dada. Isomwe sasa hivi."

"Utaratibu..."

"Utaratibu unakataza?"

Kibibi alifikiri. Haukukataza. Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuomba. Watu wote walichukua rupia zao kwa hasira, wakaenda nazo nyumbani, wakarudi baada ya wiki.

"Hiza!" aliita. "Washa tena."

Hiza alikuwa fundi wa mashine, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Alitokea nyuma ya mtambo akifuta mikono. "Bosi, naiwasha, lakini chujio limejaa tena. Leo asubuhi nimefungua ofisi nikasikia mtu anakaanga vitumbua. Nimekwambia humu mna shetani, hutaki."

"Washa, Hiza."

Lakini hata Kibibi mwenyewe alikuwa amesikia. Jiji zima halikuwa na harufu. Tangu mwaka wa homa, kila nguzo ya barabarani ilikuwa na kifyonzaharufu kinachokoroma kutwa kucha, na hewa ilikuwa safi kiasi kwamba pete ya fedha uliyonunua leo ingebaki nyeupe mpaka unazikwa. Ila ndani ya Nyumba ya Madaraja, ukiingia asubuhi kabla ya mtu yeyote, palikuwa na watu. Huwaoni, unawanusa tu. Nywele zilizopakwa mafuta, shingo ya mtoto mchanga, kanzu iliyofukizwa. Mfagiaji wa kwanza aliacha kazi kwa sababu hiyo. Alisema alipishana na mama yake mlangoni.

Kibibi akaingia kibandani, akafumba macho. Mashine ikavuta pumzi.

Akasubiri tangawizi. Ikaja kwa mbali, kama inatoka nyumba ya jirani. Karafuu kidogo. Waridi akaitafuta, akavuta kwa nguvu mpaka pua ikamuuma. Haikuwepo. Kisha hata tangawizi ikakatika, na alichosikia ni harufu ya jiji, yaani si kitu.

Alipofungua macho, neno lilikuwa kwenye skrini kwa herufi nyekundu: IMESUGULIWA.

Na pale kwenye sahani rupia ilikuwa nyeupe. Nyeupe pee, kama jino.

"Mungu wangu," Tunu alisema. Alikuwa amesimama peku. "Imefanyaje? Rangi ziko wapi?"

"Imesuguliwa," Hiza alisoma, kwa mazoea tu. Kisha akasikia alichosema. "Nani kaisugua? Haijatoka hapo."

Mlango mdogo chini ya sahani ukaanza kufunguka. Kibibi alitoka kibandani, akafungua kioo cha mashine akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaikwapua rupia ikiwa ya moto, akaishika tu.

"Hiza. Ile rupia yetu ya kupimia. Ile unayoweka kila asubuhi kujaribu mashine."

"Hii hapa," Hiza alisema, akaitoa mfukoni.

"Siku zote ilikuwa nyeupe hivyo?"

Hiza aliigeuza, na polepole uso wake ukabadilika. "Hapana. Nilipoajiriwa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya futari. Nikadhani... nikadhani ni kwa kushikwashikwa."

Basi ndio hivyo. Mashine iliyotangazwa kwamba haigusi, ilikuwa inakula. Taa ya zambarau haikusoma utando, iliuchoma, na moshi wake ndio iliouita hewa. Mara ya kwanza ilichukua ule wa juu na kupausha uliobaki, kidogo, usingegundua. Mara ya pili ilimaliza. Kisha, baada ya kumaliza, ilimgeukia mwenye rupia ikamwambia: wewe umesugua.

Kibibi akakaa chini, palepale sakafuni. Alimkumbuka mzee mmoja wa Pangani aliyeleta kipini cha marehemu mkewe kilichochongwa kwa rupia. Aliporudi kwa rufaa na kipini kikatoka cheupe, mzee aliapa, akalia mbele za watu. Na Kibibi alimwambia kwa upole kabisa, "Baba, mashine haina sababu ya kukusingizia." Kipini kikashuka kinuni. Kibandani siku ile ya kwanza kilinukia asumini. Aliikumbuka kwa sababu ilikuwa nzuri, alitoka anatabasamu.

Ni wangapi? Alikaa kibandani miaka yote hiyo akivuta wake za watu na mama za watu, akitoka anasema namba.

"Dada," Tunu alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ile ya kwanza. Ulipokaa humo ndani. Ulimsikia mama yangu?"

"Nilimsikia."

"Yukoje?"

Kibibi alifungua mdomo. Ungemwelezaje mtu? "Waridi," alisema. "Alijipaka marashi ya waridi. Nadhani alijipaka kwa ajili yako, kwa ajili ya kukupokea. Na alikuwa na haraka."

Tunu akaanza kulia bila kelele, kama walivyofundishwa kwao.

"Kwa hiyo umemvuta wewe. Mimi sijawahi, umemvuta wewe."

Hapo Kibibi akainuka. "Hiza, hewa ya kibandani ikitoka inakwenda wapi?"

"Kwenye chujio. Haiwezi kwenda nje, sheria ya harufu."

"Igeuze feni ya chujio. Ipulize humu."

"Bosi, king'ora kitalia. Vifyonzaharufu vya jengo vitawaka vyote. Tutafukuzwa kazi mimi na wewe."

"Igeuze, Hiza."

Hiza alimwangalia, akamwangalia Tunu, akasema neno moja la kumlaani shetani, akaenda kugeuza.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha wakaja.

Walikuja wote kwa pamoja, bwana wee. Udi, ubani, samli, ngozi ya kitabu, tumbaku, moshi wa kuni mbichi, maziwa ya mama, kuni zilizolowa mvua, sabuni ya kipande, homa, vitumbua, kanga mpya, jasho la mtu aliyetoka shamba na la mtu anayeogopa. Ofisi ikajaa mpaka ukutani. Hiza alishika ukuta akasema, "Shikamoo," akiwa hajui anamwambia nani. Asumini ikapita mbele ya uso wa Kibibi, mara moja tu, ikaenda zake.

Tunu alisimama katikati, mikono kaiinua kidogo kama mtu anayetembea gizani. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, ananusa, ananusa.

"Yupi?" aliuliza. "Dada, yupi ndiye mama?"

Na Kibibi, pua bora kuliko zote jijini, alivuta, akatafuta. Waridi zilikuwa nyingi. Wanawake wengi walijipaka waridi.

"Sijui," alisema. "Samahani, mdogo wangu. Yumo. Lakini sijui."

King'ora kikalia. Darini vifyonzaharufu vikaamka kimoja kimoja, vikaanza kukoroma.

Tunu alinyoosha mkono. Kibibi akampa rupia. Bila muhuri, bila daraja, nyeupe kama jino. Tunu akaipapasa ukingo kwa kidole gumba mpaka akayapata yale makovu. Hayo mashine haikuweza kuyala. Akaiweka mdomoni, pembeni, palepale alipouma mama yake, akafunga meno. Hakuuma kwa nguvu. Alihema tu juu yake, polepole.

"Hata hujashikwa na uchungu," Hiza alinong'ona.

Tunu akaitoa kidogo. "Huyu anayekuja asije akakuta nyeupe," alisema, akairudisha.

Akavaa viatu akatoka nayo hivyo, mdomoni, na hakuna aliyemzuia.

Juu darini mashine ziliendelea kuvuta. Tumbaku iliondoka. Samli ikaondoka. Hiza alisimama mlangoni kusubiri watu wa Baraza. Kibibi alibaki katikati ya chumba. Hewa ilikuwa inakwisha, harufu moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ile ya mwisho, hafifu, ya waridi.

Akaivuta ndani, akabana pua, akakaa hivyo, macho yanamtoka. Hakutaka yeye awe ndiye wa kuitoa.