Madereva wa Eneo Jingine

Ijumaa ni siku ya kuvaa batiki kazini, na foleni ya soto, supu ya kuku, nyuma ya jengo lao jijini Jakarta iling'aa kwa rangi. Wening alipogeuka na bakuli lake, mchuzi ukamwagikia shati la kijana aliyesimama nyuma yake.

"Uwii! Samahani, Mas!" Alimwita kaka kwa Kijava, naye akajibiwa kwa dada.

"Usijali, Mbak. Nilikuwa nataka kuuliza kama leo mchuzi umekolea chumvi."

Wening akacheka. Kumbe walikuwa wa kampuni moja, ya kupeleka vyakula majumbani: yeye timu ya oda, kijana huyo, Galih, timu ya madereva, ghorofa ya juu. Tangu hapo wakawa wanakula pamoja, na simu hazikomi.

"Dik, umekula?" Sasa Galih alimwita mdogo wake, si dada tena.

"Nimekula, Mas, ila sauti yako sijaishiba."

Kisha programu mpya ya Wening, ya kuomba dereva kutoka programu ya kina Galih, ikaanza kazi. Kila oda ilijibiwa "dereva yuko njiani", lakini dereva hatokei. Wateja wakawaka. Kikaoni, mbele ya wakubwa, Wening akapandwa na hasira. "Programu ya kina Mas Galih inadanganya! Inajibu, halafu hakuna mtu."

Galih, mtoto wa Solo, mji unaosifika kwa upole, hakupandisha sauti. Alitabasamu kidogo tu. "Nitaangalia, Mbak."

Mbak! Yeye aliyezoea kuitwa Dik kwa mahaba, leo anaitwa kama mgeni. Jioni ujumbe ukaja, mkavu: "Hakuna ombi lenu hata moja lililotufikia." Alipopiga simu, haikupokelewa. Chakula cha mchana alikula peke yake.

Akaketi kukagua kazi yake upya. Katika klasta ya kampuni, kundi la kompyuta zinazoendesha programu zote, kila timu ina eneo lake. Ukiita programu kwa jina tupu, inatafutwa ndani ya eneo lako tu. Ya wenzako lazima utaje na eneo lao. Wening alikuwa ameandika "madereva" tu. Na humo humo kwake ilikuwa bado inaishi programu ya bandia aliyoitengeneza mwenyewe wakati wa majaribio, yenye jina hilo hilo, kazi yake kuitikia ndiyo kwa kila kitu.

"Mungu wangu! Kwa Mas Galih sijawahi hata kubisha hodi."

Akaifuta ile ya bandia, akaongeza jina la eneo la kina Galih. Kwenye skrini pikipiki zikaanza kutembea, hii mtaa wa Tebet, ile wa Menteng. Angeweza kunyamaza, mfumo umepona, nani atauliza? Akapanda ghorofa ya juu, akasimama katikati ya timu yao.

"Jamani, nilimsingizia Mas Galih. Kosa ni langu." Akaeleza lote. Mmoja akapiga mluzi. Galih akamvuta hadi kwenye korido.

"Si ungeninong'oneza tu?"

"Nilikushtaki mbele za watu, Mas."

"Na mimi nilinuna badala ya kuja tukaangalie pamoja. Mimi naita huo upole. Mama anaita huo ukaidi."

"Kumbe mama umemwambia?"

"Kila kitu. Anauliza waje lini kwenu."

"Kufanya nini?"

"Usijitie hujui, Dik. Kukuposa."

Wening akauma mdomo, tabasamu likamshinda. "Baba ndiye wa kuulizwa, Mas. Mimi nimeshajibu."