Chumba cha Upande wa Maranda

Mzee Filemoni alikutwa amekufa kitandani kwake Makambako, Jumatano, saa moja na robo asubuhi. Saa mbili kasoro dakika ishirini, mwanawe wa kwanza, Danford, mwenye mashine ya kupasua mbao, aliwapigia polisi simu. Saa tatu Sajenti Timoth wa upelelezi alikuwa mlangoni, na ilipofika saa tano mkwe wa marehemu alikuwa mahabusu. Kazi ya haraka kwelikweli. Timoth hapendi kukumbushwa haraka ile.

"Nani alimpa chakula mara ya mwisho?" alimuuliza Danford.

"Teodora, mke wa mdogo wangu Obed. Alikuja jana jioni kutoka Lupembe na uji wa ulezi kwenye chupa. Afande, mimi sisemi kitu. Ila baba alikunywa, akalala, hakuamka."

Hasemi kitu, na ameshasema yote.

Timoth akakagua chumba. Kilikuwa kizuri, kina dari na sakafu ya saruji. Dirisha lilitazama kwenye mashine, na hatua kumi tu kutoka hapo palikuwa na lundo la maranda lililopita kimo cha mtu. Pazia lilikuwa jeusi upande wa dirishani. Timoth akakohoa mara mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakanyaga tope jeusi kando ya lundo, akasonya, akafuta viatu kwenye majani. Hayo yote hakuyaandika. Aliandika "uji".

Kituoni, Teodora alijibu kila swali huku akimtazama usoni.

"Uliweka nini kwenye uji ule?"

"Ulezi, maji na sukari kidogo. Nami niliunywa, kutoka chupa ileile."

"Mlikuwa na ugomvi pale nyumbani?"

"Na shemeji, ndiyo. Nilitaka kumrudisha baba kwetu Lupembe. Mei alikaa nasi majuma matatu, akawa anapanda kilima mpaka kwenye mashamba ya chai bila kupumzika. Shemeji akaja kumchukua. Angalieni daftari lake la kliniki, afande."

"Daftari halitaniambia nani kaua."

"Basi niacheni nikamzike. Nitieni pingu, lakini nikamzike. Alikuwa baba yangu."

Timoth alikataa. Ijumaa saa nane mchana Mzee Filemoni alizikwa, mkwe wake yuko ndani, na msibani watu walishamwita muuaji. Obed alisimama kaburini peke yake, hakuna aliyemsogelea.

Jumamosi saa nne asubuhi Timoth alikwenda Njombe kuonana na Daktari Hyasinta, aliyekuwa akimtibu marehemu. Majibu ya uchunguzi wa mwili yalikuwa mezani kwake.

"Hakuna dalili ya sumu," Hyasinta alisema. "Mshipa wa moyo uliziba."

"Labda alinyimwa vidonge." Timoth sasa alimfikiria Danford.

Akatoa pakiti aliyoichukua chumbani. Wakahesabu vilivyobaki, wakalinganisha na siku zilizopita. Hakikupungua kidonge wala hakikuzidi.

"Sasa fungua daftari lake la kliniki," daktari alisema, akimpa. "Soma presha ile ya juu."

"Aprili, Makambako, mia sabini na nane. Mei, Lupembe, mia arobaini na mbili. Juni, Makambako, mia themanini na nne."

"Vidonge ni vilevile. Kilichobadilika ni nini?"

Timoth akalifunga daftari. "Hewa."

"Moshi ule laini wa maranda yanayofukuta hauishii kwenye mapafu, unaingia mpaka kwenye damu. Mishipa inakakamaa, presha inapanda, damu inaganda upesi. Siwezi kuapa kwamba ndio uliomuua. Ila moyo wa mzee ulikuwa umechoka, nisingemlaza pale hata siku moja. Nilimwandikia mwanawe." Akamsogezea nakala ya barua. *Moto wa maranda uzimwe, au mgonjwa ahamishwe.* Chini palikuwa na sahihi ya kupokea, ya Danford, tarehe mbili Juni.

Timoth akainamisha macho, yakatua kwenye viatu vyake. Tope lilikuwa limekaukia kwenye mshono, jeusi. Makambako mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Saa kumi jioni alirudi msibani pamoja na Teodora. Watu wakawapisha.

"Danford, ulimkuta baba saa moja na robo. Ukatupigia simu saa mbili kasoro ishirini. Dakika ishirini na tano ulikuwa ukifanya nini?"

"Nililia."

"Ulibeba maji." Timoth akanyoosha mguu. "Hili ni tope la kando ya lundo lako, na mvua hakuna. Ulizima moto kwanza, ndipo ukatuita." Akaweka barua juu ya meza. "Na hii uliijua."

Danford akakaa chini.

"Chumba kile nilimjengea mimi," alisema. "Nilikiweka makusudi upande wa maranda, yanayofukuta usiku kucha, apate joto. Juni hapa baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilijisifu kanisani, wazee wakaja kukiona. Halafu inakuja karatasi kusema joto langu linamuumiza. Ningewaambiaje watu? Kwamba kwangu pamemshinda, ameenda kutunzwa na mke wa mdogo wangu?"

"Ndipo ukanitaja mimi," Teodora alisema.

"Niliona aibu, shemeji."

"Na mimi aibu yangu umeiweka wapi?"

Timoth akamwambia Danford kwamba atashtakiwa kwa taarifa ya uongo, na kuhusu kifo wanasheria wataamua. Akamshika mkono watoke, lakini Teodora hakusogea.

"Afande, mnaondoka? Mlinitoa hapa mbele ya watu hawahawa."

Timoth alikuwa amepanga kumwandikia barua ya kumsafisha, kimyakimya. Akageuka.

"Mama huyu hakuua mtu," alisema. "Alitaka kumtoa mzee kwenye moshi. Mimi nilikohoa chumbani mle, nikaliona pazia jeusi, nikaandika uji. Nimemnyima kumzika baba yake. Naona aibu, na ninamwomba radhi mbele yenu."

Obed akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Kaburi liko wapi?" Teodora akauliza.

"Twende nikuonyeshe, shemeji," Danford alisema.

"Wewe nenda na polisi. Afande ndiye atanipeleka."

Timoth akamwacha Danford na askari garini, akatangulia njia ya nyuma aliyoonyeshwa na Obed, akipita kando ya lundo lililozimwa. Kaburini Teodora akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya kaburi, akarudia tena na tena. Timoth alisimama mbali kidogo na viatu vyake vilevile, akisubiri amalize.