Pumzi ya Makokha

Nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Mimi Levi, fundi wa laptopu mjini Kitale, mwanakwaya wa sauti ya besi, nilimwibia maiti.

Maiti mwenyewe alikuwa rafiki yangu. Makokha alikuwa na duka la mbolea na chakula cha kuku pale Bumula, na laptopu ndogo ya kazi aliyoinunua ikiwa imeshatumika ng'ambo. Mwaka jana nilimwekea diski mpya, ile nyembamba isiyo na kelele, na mashine ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Alifurahi mpaka akanichinjia jogoo. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Kabla ya kusema lolote alikuwa akikohoa mara mbili, koh, koh, halafu anavuta pumzi ndefu yenye mluzi ndani, ndipo neno litoke. Sisi marafiki tulimcheka. Tulisema Makokha lazima awashe injini kwanza.

Alipolazwa hospitalini mara ya mwisho, mkewe Edah aliniletea ile laptopu Kitale. Feni ilikuwa inapiga kelele, na baada ya apdeti sauti ilikuwa imepotea kabisa.

"Shemeji, fanya haraka," aliniambia. "Amerekodi maneno ya Nabwile huko ndani. Alinifukuza kwa chumba ndio arekodi. Nataka Nabwile akuje asikie."

Nabwile ni binti yao. Aliolewa na Kigen, kijana wa Kapsokwony, bila baba yake kukubali, na Makokha akatamka mbele ya watu kwamba tumbo la binti huyo halitashika kitu. Ilikuwa hasira tu. Lakini tangu siku hiyo mimba mbili zilikuwa zimetoka, na sasa alikuwa na ya tatu. Kwetu, neno la baba huondolewa na baba mwenyewe. Kama Makokha aliliondoa au alilikaza, jibu lilikuwa ndani ya ile diski, mezani pangu.

Siku tatu baadaye akafa.

Nami laptopu yangu ilikuwa inajikokota, wateja wananiangalia kwa huruma. Maiti haulizwi sanda, nilijiambia, na nikacheka peke yangu. Nikafungua skrubu. Nikaichomoa ile diski nzuri na kuitia kwenye mashine yangu, na yake nikairudishia diski kuukuu iliyokuwa imelala kwenye droo. Niliona faili limeandikwa NABWILE. Sikulisikiliza. Nilifuta kila kitu, nikapakia vitu vyangu juu yake, kisha nikaenda kula chapati. Mpaka leo nakumbuka kwamba chapati zile zilikuwa tamu.

Edah nilimwambia diski imekufa, nikamrudishia mashine.

"Hata hiyo?" aliuliza.

Siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa walinyolewa, kama ilivyo desturi yetu Wabukusu, na mzee wa ukoo akasimama katikati ya boma. "Mwenye ako na kitu ya marehemu aseme sasa," alisema. "Akinyamaza leo, kesho asitusumbue. Ajipange na marehemu mwenyewe." Mtu mmoja alirudisha jembe. Mama mmoja mzee alirudisha sufuria isiyo na kifuniko, na watu wakacheka kidogo. Nabwile alikuwa ameketi mbele yangu, kichwa kimenyolewa, mikono juu ya tumbo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nikanyamaza.

Wiki tano baadaye Edah akanipigia simu. Laptopu ya duka ilikuwa inapiga kelele kila jioni, alisema, na wateja wameanza kuogopa. Nilitafuta kisingizio nikakosa. Nikatia vifaa kwenye begi, pamoja na laptopu yangu ili niitumie kupakua draiva, programu ya kuirudishia sauti ile ya duka, nikaenda. Nilifika Bumula jua likizama.

Edah alikuwa amefunga nusu ya mlango wa duka. Nabwile alikuwa amekuja kumsaidia mama yake, ameketi juu ya gunia la chakula cha kuku, mimba ya miezi minane. Alinisalimu kwa heshima. "Shikamoo, anko." Laiti angenitukana.

"Sikia," Edah akanong'ona, akaiwasha laptopu.

Hiii...

Hiii...

"Ni vumbi, shemeji. Vumbi ya chakula ya kuku."

"Si inapumua kama yeye?"

"Ni vumbi tu."

Na kweli lilikuwa vumbi. Nilipofungua kifuniko cha chini nilikuta feni imevaa blanketi la pumba. Nilisafisha kwa brashi, nikapangusa grisi iliyokauka. Mwishowe nikaitoa betri, nikachomoa feni yenyewe na kuiweka juu ya kaunta, mbali na mashine. Duka likatulia. Nilisikia kuku wa jirani wakigombania mahali pa kulala.

"Umeona?" nikasema. Nilijisikia fundi hasa.

Koh. Koh.

Hakuna aliyesogea.

Hiiiiii...

Feni ilikuwa kwenye kaunta, imetulia. Sauti ilitoka chini, karibu na miguu yangu.

"Shemeji," Edah alisema polepole sana, "begi yako iko na nini?"

Ndipo harufu ikanifikia. Mafuta ya mkaratusi, yale Makokha aliyokuwa akijipaka kifuani kila jioni, mpaka shati lake, kiti chake na hata risiti zake zikanuka hivyo.

Nilifungua begi. Laptopu yangu nilikuwa nimeizima Kitale, asubuhi. Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Nilipofunua kioo, kikawaka chenyewe, na pembeni alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu. Tangu nibadilishe diski sikuwa nimeitia draiva ya sauti. Mashine ile haikuwa na njia ya kutoa sauti yoyote.

Koh. Koh.

Hiiiiii...

Nabwile aliinuka kutoka kwenye gunia. "Baba?"

Pumzi ilikatika. Neno halikuja.

Ikaanza tena. Kikohozi mara mbili, pumzi, halafu kimya. Ikarudia mara ya tatu. Edah alinishika mkono, vidole vyake vikiwa baridi. "Anataka kuongea," alininong'oneza. "Mbona haongei?"

Nilijua kwa nini. Nilikuwa nimemwachia pumzi, nikamfutia maneno.

"Hii diski ni yake," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, mimi mtu wa besi.

"Ulisema ilikufa."

"Niliichukua."

"Na maneno?"

Mficha uchi hazai, na pale ndipo ningevua yote. Nilikuwa nimeshaanza. Neno moja tu lilibaki: nilifuta. Lakini Nabwile alikuwa ananitazama, mikono juu ya tumbo vilevile kama siku ya kunyoa, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nikasema, "Niliyasikiliza kabla hayajapotea. Amekusamehe. Alisema uzae."

Nabwile aliangua kilio, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alinishukuru. Mimi! Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Koh! Koh!

Safari hii kikohozi kilikuwa kikali, kama cha mtu anayekatiza mazungumzo. Pumzi ikavutwa, ndefu kuliko zote. Halafu kioo kikazima.

Edah hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

"Alisema hivyo?" aliuliza. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

Aliichukua laptopu yangu na kuifunga kwa leso, akaiweka kwenye rafu alipokuwa akiweka redio ya mumewe. Ile nyingine niliirudishia feni gizani nikitumia tochi ya simu, na skrubu mbili zikabaki. Sijui zilikuwa za wapi. Huko Kitale nilipekua kila diski na flashi ya kibandani, labda nilikuwa nimeacha nakala ya yale maneno bila kujua. Hakukuwa na kitu.

Wiki tatu zilipita. Jana jioni, nikifunga kibanda changu, simu ikaita. Alikuwa Nabwile, yuko kwa mama yake Bumula, sauti imejaa furaha.

"Anko, nimejifungua! Kijana. Ako sawa kabisa. Asante, anko. Bila wewe ningekufa na wasiwasi."

Nilimpongeza. Nilifurahi kweli, kwa dakika moja. Nikafikiri labda nilibahatisha, labda Makokha alikuwa amesamehe.

"Usiku alilia tu, hanyamazi," aliendelea. "Mama akaanza kumuitia majina ya wazee wetu, si unajua, ndio achague jina lake. Wote akakataa. Kufika Makokha, akanyamaza hapo hapo."

"Ni baraka," nikasema.

"Ni baraka. Lakini anko... tangu saa hiyo hajalia tena. Anakohoa tu kidogo. Anakuwa kama mtu anataka kusema kitu." Akashusha sauti. "Mama ananiambia nikuulize. Baba alisema maneno gani hasa? Tuambie vile alisema, neno kwa neno. Mama anasema pengine mtoto anangoja asikie."

Sikuwa na neno hata moja la Makokha.

Nyuma ya Nabwile, karibu kabisa na simu, kifua kidogo kikakohoa mara mbili.

Hiiiiii...

Nikakata simu kabla pumzi haijaisha.