Wingu la Maneno na Akina Mama wa Vichanja

Gaudensia hakuwa na kompyuta. Hakuwa na simu, wala meza ya kusomea, na kiatu chake cha kushoto hakikuwa na kamba. Hayo hayakumzuia kuongoza kwa alama darasa la saba katika shule ya kijiji cha Bukima, kando ya ziwa. Alichokosa kweli ni subira ya kusoma jambo mpaka mwisho, na hilo hakuna aliyelijua.

Kila Jumanne baada ya vipindi, Mwalimu Wambura aliwafundisha kuandika insha za utafiti kwa kutumia kompyuta pekee ya shule. Wiki hiyo aliwagawia ripoti ya kurasa kumi na nane kuhusu uanikaji wa dagaa, iliyoandikwa na mtafiti aliyekaa Bukima mwaka mzima. Kisha akaiingiza ripoti hiyo kwenye programu, na maneno yake yakajikusanya kwenye kioo kama wingu, mengine makubwa, mengine madogo.

"Neno lililotajwa mara nyingi ndilo linalokuwa kubwa," alieleza. "Wingu hili linakuonyesha ripoti inahusu nini, ili ujue cha kutafuta. Ukishaliona, nenda kasome ripoti yenyewe."

Gaudensia alinakili maneno matano makubwa: dagaa, wanawake, mchanga, uchafu, Bukima. Ripoti akaitia kwenye begi, na humo ikakaa. Alhamisi jioni alikaa chini akaunganisha yale maneno matano kwa akili yake mwenyewe. "Wanawake wa Bukima huanika dagaa kwenye mchanga," aliandika, "na ndiyo sababu dagaa wao wana uchafu mwingi."

Insha ilikuwa na Kiswahili kizuri. Mwalimu aliipitia harakaharaka, akaisifu, akaituma Musoma ichapishwe katika jarida la shule za mkoa.

Siku ya kikao cha wazazi, mwalimu alitangaza habari za jarida, kisha Gaudensia akaitwa aisome insha mbele ya watu. Aliisoma kwa sauti ya kujiamini. Alipomaliza, watu wachache walipiga makofi, kisha wakaacha. Matrida, dada mkubwa wa mama yake Gaudensia, alikuwa amesimama. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waanika dagaa.

"Mwanangu, we ulikujaga lini kwetu ukaona dagaa mchangani?"

Gaudensia aliitazama karatasi yake.

"Zamani tulikuwaga tunaanika chini, sikatai. Sasa mwaka wa sita tunaanika juu ya vichanja. Huyo mtafiti alilalaga kwangu, akala ugali wangu. Hayo uliyosoma umeyatoa wapi?"

"Kwenye ripoti, mama."

"Ukurasa wa ngapi?"

Mwalimu Wambura alifungua nakala yake, akatafuta, akasoma polepole: "Tangu wanawake wa Bukima walipoacha kuanika dagaa kwenye mchanga, uchafu umepungua sana."

Maneno yaleyale matano yalikuwemo, yakisema kinyume kabisa cha insha.

"Kumbe bingwa wetu anasomaga picha," alinong'ona Tabitha wa darasa lake, na wanafunzi wa karibu wakacheka. Gaudensia alitazama sakafu. Kicheko aliweza kukivumilia. Kilichomchoma ni wale akina mama wa benchi la nyuma, waliofunga kanga zao vizuri wakatoka mmojammoja.

Baada ya kikao alimfuata Matrida hadi kwenye vichanja, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Sikuisoma ripoti."

"Nimekusamehe. Lakini wanunuzi wa Bunda na Musoma hawapo hapa kukusikia. Wao watasoma hilo jarida, halafu watasema dagaa wetu ni wachafu."

Gaudensia alirudi shuleni karibu akikimbia, akamwomba mwalimu apige simu Musoma. Mwalimu alipiga. "Jarida halijachapwa," alisema baadaye. "Watasubiri hadi kesho jioni, ila wanataka barua ya mwandishi mwenyewe."

Jioni hiyo Gaudensia alikaa kando ya vichanja akaisoma ripoti yote, kurasa kumi na nane. Kisha akaandika: "Naomba muiondoe insha yangu. Niliiandika bila kusoma ripoti. Akina mama wa Bukima hawaaniki dagaa kwenye mchanga, nami nimewasingizia."

Asubuhi alimpelekea Mwalimu Wambura barua hiyo, akabaki amesimama mlangoni, uso chini. Mwalimu aliisoma mara mbili, naye akaongeza sahihi yake.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilisifu lugha, sikukagua ukweli. Wingu la maneno tutaendelea kulitumia, ni msaada mzuri. Lakini linahesabu maneno tu, halijui yanasema nini. Kujua hilo ni kazi ya msomaji. Ukiandika habari za watu bila kuifanya kazi hiyo, unawaharibia jina, hata kama hukukusudia."

"Nimeelewa, mwalimu."

Gaudensia aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akaenda kituoni, akamkabidhi kondakta wa basi la Musoma.