Nguo za Irja za Kuingilia Ziwani

Jumamosi jioni Arvid Kemppainen aliwasha moto wa sauna, kile chumba cha mvuke cha kutolea jasho, nyuma ya nyumba, kama kawaida yake. Mkewe Irja alileta taulo na soseji. Walikaa humo ndani mpaka jasho likawatiririka na mzee akawa mwekundu kama nyanya. Kisha wakatoka mbio, uchi kama walivyozaliwa, wakajitumbukiza kwenye shimo walilokuwa wametoboa katika barafu ya bwawa lao. Wakapiga kelele, wakatoka, wakarudi kwenye moto. Majirani hawakuchungulia. Nao wana sauna zao, na vitambi vyao.

"Arvid," Irja alisema akijimwagia maji, "redio inasema upepo wa kaskazini utakuja Jumatano. Mawimbi ya ziwa yatafika kimo cha mlango."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naingia."

Arvid akaiweka soseji yake chini. Hilo halikuwa jambo dogo kwa Arvid.

Irja alikuwa na miaka hamsini na saba. Kiangazi chote alikuwa amejifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mwalimu wake alikuwa jirani yao Lorna Trevarrow, dereva wa basi la shule. Lakini kiangazi Ziwa Superior, lililo jirani na nyumba yao, hulala. Mawimbi yake ya maana huja Desemba, pepo zinapovuma. Baada ya hapo barafu hufunga ufuko mpaka Aprili. Irja aliyajua hayo yote. Ilikuwa Jumatano hii, au angoje miezi minne akifuma soksi.

"Maji yale yataua mtu," Arvid alisema.

"Yataua wageni. Baridi na mimi tunajuana. Si umeniona sasa hivi?"

"Nimekuona. Ulikuwa unatukana."

"Nilikuwa naisalimia baridi."

Jumapili mchana Lorna alikuja na ubao juu ya gari. Irja akatoka nje kujionyesha. Alivaa suti ya mpira ya mwanawe, kijana mwenye mabega kama kabati. Ndani alivaa fulana ya pamba. Mikononi alikuwa na glovu za sufu alizofuma mwenyewe, zenye picha za kulungu. Kichwani hakuvaa kitu, maana alikuwa ametoka kusuka nywele.

Lorna alimzunguka polepole. "Shoga, humo ndani uko peke yako, au mmehamia wawili?"

"Ina nafasi ya kupumua."

"Ina nafasi ya kupangisha. Hivyo ulivyovaa hutaingia Jumatano."

Irja akaona uso wake unapata moto. "Mimi naingia shimoni kila wiki, Lorna. Tangu sijaota meno."

"Unaingia ukitokea wapi?"

"Sauna."

"Na unakaa humo muda gani?"

"Mpaka nimalize kutukana."

"Basi. Unaingia na moto wako mwilini, unatoka kabla haujaisha. Ziwani tunakaa mpaka saa nzima, na ukitoka hakuna sauna. Lakini usiniamini mimi. Twende ukajaribu, leo ziwa limetulia. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Wakaenda ufukweni. Arvid akafuata nyuma na chupa ndogo mfukoni, akidhani hakuna aliyeiona.

Lorna alikuwa amevaa suti nene, kofia ya mpira, glovu na viatu vya mpira. Aliingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Irja akaingia mpaka kiunoni, kisha akachutama mpaka shingoni.

Kifua kikambana. Pumzi ikamtoka, ikakataa kurudi, kisha ikaja mfululizo kama ya mbwa aliyekimbizwa. Alitaka kutukana, hata tusi moja halikutoka.

"Usiogelee," Lorna alisema. "Usifanye lolote. Tulia mpaka pumzi irudi. Hapa ndipo watu wanapokunywa maji, mwanzoni kabisa."

Pumzi ikarudi. Lakini maji yaliingia shingoni na kutokea miguuni, kama ile suti ni bomba. Maji yaliyopata joto kidogo yalitoka, yakaingia mengine ya barafu. Fulana ilimganda. Glovu za kulungu zikawa nzito kama paka waliolowa.

Lorna alianza kumpigia hadithi za watoto wa basi. Irja alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili meno yaligongana. Ndipo Lorna akamrushia koti la kuelea lenye kifungo cha kubana kifuani.

"Vua hizo glovu. Funga hicho kifungo."

Kifungo hicho watoto wa chekechea hukifunga wakiongea. Irja alikitazama. Aliviambia vidole vyake vifunge. Vidole vilikaa tu, kama vijiko vya mbao. Akajaribu kwa viganja. Akajaribu kwa meno. Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Siwezi," alisema. Hakupenda sauti yake ilivyotoka.

"Na ingekuwa Jumatano, ungeshikaje ubao?"

Irja alitoka majini akiwa ameshikwa mkono.

Garini Arvid alitoa chupa yake. Lorna akaipokea na kuiweka chini ya kiti. "Hiyo kunywa wewe kesho, mzee. Pombe inamfanya mtu ajisikie ana joto huku joto linamtoka. Mpe maji ya matunda ya moto, yenye sukari."

Walimvua nguo zote zilizolowa, wakamkausha, wakamvika sweta la sufu na kofia, wakamfunga blanketi.

"Sauna ina moto tayari," Arvid alisema.

"Leo kaonja tu, ataingia baadaye akishapata nguvu. Lakini mtu aliyepoa sana usimtupe kwenye joto kali. Mkaushe, mfunike, mpashe taratibu. Ukimwona anaongea ovyo, au ameacha kutetemeka na bado mwili wake ni baridi, piga simu ya uokoaji hapo hapo. Usimtembeze wala kumsugua."

Irja alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kwa hiyo nimekwisha," alisema. "Nikafume soksi."

"Nani kasema? Umevaa vibaya tu. Ulivalia hewa, na wewe unakwenda majini. Valia maji. Valia kana kwamba utaanguka, maana utaanguka. Nakujua."

"Suti inazuia maji au haizuii?"

"Hii yetu inaingiza kidogo. Ikikubana sawasawa, yale maji machache yanakaa, mwili wako unayapasha, na mpira unalishika lile joto. Ikipwaya, unalipasha ziwa zima. Na ziwa hili ni kubwa, shoga, huliwezi."

"Na fulana?"

"Pamba inakunywa maji na haishiki joto. Iache nyumbani ikasubiri kufuliwa. Sufu vaa nchi kavu. Majini mikono inataka glovu za mpira."

Jumatatu jioni Lorna alileta suti ya dada yake aliyehamia jangwani. Ilikuwa nene milimita sita, ina kofia yake, glovu na viatu. Irja aliitandaza jikoni. Akaweka mguu mmoja. Ukakwama kwenye kifundo.

"Imekataa."

"Haijakataa, haijabembelezwa. Vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, mguu utateleza."

Mguu ukateleza. Likabaki la kuipandisha makalioni. Lorna alivuta mbele, Arvid akavuta nyuma, miguu yake ikiwa imejizuia kwenye kabati la vyombo.

"Nimejaza soseji miaka arobaini," Arvid alisema akihema, "sijaona utumbo mgumu kama huu."

"Vuta, mzee, acha kuhubiri."

Zipu ikafunga. Irja alisimama katikati ya jiko, mikono imemtanuka kama ndege anayeanika mabawa. Lorna akabana mpira mgongoni, mabegani na chini ya makwapa. Haukuvutika mbali na mwili. "Pumua. Chutama. Inua mikono. Damu inafika vidoleni?"

"Inafika."

"Basi hiyo ni yako."

Kesho yake walirudi ufukweni. Irja alichutama majini kwa muda ule ule, hadithi za basi zikawa mbaya zaidi, kisha akafunga kile kifungo cha koti akiwa amevaa glovu za mpira. Akakifungua. Akakifunga tena, kwa maringo.

Jumatano ziwa lilinguruma mpaka madirisha ya nyumba yakatetemeka. Theluji ilipita mlalo. Watu watano walikuwa majini tayari, weusi kama sili wa baharini. Irja alisimama ukingoni. Kamba ya ubao ilikuwa imefungwa mguuni. Arvid alikuwa garini, injini inaunguruma, nguo kavu zimepangwa kwa mpangilio wa kuvaliwa. Alikuwa ameambiwa wataingilia wapi, na watatoka saa ngapi.

"Tunakaa pamoja," Lorna alisema. "Vidole vikianza uvivu, unatoka. Hungoji vigome."

Irja alijimwagia maji usoni, akangoja pumzi itulie. Kisha akalala juu ya ubao akapiga makasia kwa mikono.

Wimbi la kwanza lilimkunja kama nguo. Alizama, akaona giza la kijani, akaibuka akitema. Alijikagua. Kichwa kilikuwa na joto. Vidole vilicheza. Pumzi ilikuwa yake.

"Uko hai?" Lorna alipaza sauti.

"Nipishe."

La pili likamtupa. La tatu akalikosa. La nne alilisikia kabla ya kuliona, likinyanyua mkia wa ubao. Alipiga maji mara mbili, akasukuma, akapanda. Magoti, kisha miguu. Alikuwa amesimama. Ziwa zima lilikuwa linamkimbiza na yeye alikuwa mbele yake, theluji inamchoma mashavu, akipiga ukelele ambao Arvid aliusikia garini madirisha yakiwa yamefungwa.

Aliyapanda matatu. Baada ya hilo la mwisho alijaribu kukunja kidole cha mwisho, kikaja kwa kuchelewa. Alitazama nyuma. Huko nje wimbi kubwa kuliko yote lilikuwa linainuka, laini, halina mtu.

Irja aligeuza ubao kuelekea nchi kavu.

Alisimama ukingoni akaliangalia likipita na kuvunjika. Lorna akaja kando yake.

"Kuliacha kunauma?"

"Kama jino."

Garini alivua suti kwa vidole vyake mwenyewe, akavaa sufu, akanywa maji ya matunda ya moto na kumeza vipande viwili vya mkate wa iliki bila kutafuna vizuri. Arvid aliiokota ile suti iliyolowa, akaikunguta, akaitazama kwa muda.

"Redio inasema upepo upo mpaka kesho," alisema. "Nitaitundika karibu na jiko ikauke."

"Siyo karibu na jiko, mpira utaharibika. Itundike chini kwenye stoo, uigeuze ndani nje."

"Sawa," Arvid alisema, akaanza kuigeuza.