Bawa la Kushoto

Mikono minne ya chuma ilishuka kutoka darini, ikainyanyua injini ya turbini na kuiteremsha taratibu tumboni mwa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa ya mfano, ya kurushwa kwa rimoti, lakini mabawa yake yalikaribia kugusa kuta zote mbili za karakana. Mkono mmoja uliunganisha mpira wa mafuta, wa pili ukakaza skrubu, wa tatu ukajaribu magurudumu: yakakunjuka, yakakunjika. Watu wa Mbeya waliita mtambo huo mkono-fundi, na haukuwa na kawaida ya kukosea.

Sekela alisimama pembeni akisimamia. Alikuwa mhandisi, tena wa wale ambao picha ikining'inia upande ukutani hawapati usingizi.

Kilichobaki ni kirubani tu, kifaa kidogo kama kipande cha sabuni. Kirubani hujifunza mkono wa mtu: anavyopaa, anavyokata kona, anavyotua. Kisha kikiachiwa, hurusha ndege vilevile kama yeye. Hiki kilikuwa cha baba yake, Mzee Ambakisye, na kilihama naye kutoka ndege moja hadi nyingine mpaka kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia. Tangu hapo mzee hakutaka hata kusikia habari za ndege. Sekela alikuwa na hamu moja tu, baba yake auone tena mkono wake angani.

"Kuna kasoro," mkono-fundi ulisema. "Kabla ya kutua, bawa la kushoto huinama mara mbili. Sioni sababu ya kiufundi. Nisafishe?"

Sekela aliingiwa na huruma. Kumbe mkono wa baba yake ulianza kuugua zamani hivyo, na mzee akanyamaza!

"Safisha."

"Kirubani kikisafishwa hakirudi kilivyokuwa."

"Nimesema safisha."

Jumapili akampeleka baba yake kwenye kiwanja cha zamani nje ya mji, mzee akiwa kwenye kiti kinachojiendesha. Turbini ilianza kwa mluzi, ikanguruma, na ndege ikapaa. Mzee akainua uso. Ndege ilipokata kona, bega lake zima lilikata kona nayo, na Sekela akajisifu kimoyomoyo.

Ndege ikarudi, ikatua imenyooka kama rula.

"Imetua vizuri sana," mzee alisema. "Ya nani?"

Sekela alicheka. "Yako, Baba! Kirubani ni chako kilekile."

"Hapana, mwanangu. Kona zilikuwa zangu, nilishaanza kufurahi. Lakini mimi siwezi kutua bila kukuita."

"Kuniita mimi?"

"Ulikuwa unapenda kuchezea mchanga pale mwisho wa kiwanja. Kwa kelele za turbini, hata ningepiga ukelele usingenisikia. Basi nikawa natikisa bawa la kushoto mara mbili, nawe unainuka unakimbilia pembeni." Alivuta pumzi; maneno marefu yalimchosha siku hizi. "Ulipokua ukaacha kuja. Mimi sikuacha."

Sekela alikumbuka mchanga. Alikumbuka kukimbia akicheka. Kilichomkimbiza ndicho alichokuwa amekisahau.

"Nimeifuta ishara hiyo, Baba," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa."

Mkono wa kushoto wa mzee ulipapasa mpaka ukapata wa binti yake.

"Hukujua," alisema. "Irushe tena, tuione."

Sekela aliamuru ndege ipae, kisha akatembea mpaka mwisho wa kiwanja, pale penye mchanga. Akasimama katikati ya njia ya kutua, akageuka kuitazama ndege ikija. Ilishuka imenyooka, bila kosa lolote, bawa la kushoto limetulia tuli. Aliingoja mpaka ilipokaribia mno, ndipo akapisha mwenyewe.